Jino la Jilfidan: kuutafuta ukoo wa mama yake Bibi Salme

Shangazi yangu mmoja anaweza kukuhesabia babu tisa wa upande wa baba bila kumeza mate. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka mnafika Oman na jahazi linatia nanga kinyumenyume. Muulize upande wa mama. Atafika kwa bibi mzaa bibi, atanyamaza, kisha atasema: "Yule alikuwa mtu wa bara." Bara gani? Baba yake nani? Alikuja na nani? Hapo utaletewa chai.

Watu wa pwani wengi wanaonitaka niwasaidie kutafuta nasaba wanakuja na jibu hilohilo. Baada ya kulisikia mara nyingi nikaamua kufanya jaribio. Nilimchukua mwanamke wa Unguja wa karne ya 19 ambaye ameachiwa makaratasi kuliko wenzake wote, nikajiuliza: tukipewa kila kitu tunachokililia siku zote, yaani tarehe, kitabu, daftari la kanisa, rekodi za serikali mbili tatu, je, upande wa mama tutafika wapi? Mwanamke huyo ni Bibi Salme binti Said, ambaye Wajerumani wanamjua kwa jina la Emily Ruete.

Upande wa baba niupitie haraka maana hauna kazi. Salme binti Said bin Sultan bin Ahmad bin Said, Al-Busaidi. Ahmad bin Said ndiye aliyeanzisha utawala wa ukoo huo Oman katikati ya karne ya 18, akafa 1783. Mwanawe Sultan aliuawa baharini 1804. Said, aliyezaliwa 1791, akatawala tangu ujana wake hadi alipofia melini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Muscat. Upande huu hata wanawake wana majina na matendo: Moza binti Ahmad, shangazi yake Said, ndiye aliyeshika hatamu za Muscat kijana alipokuwa bado mdogo. Yote haya yameandikwa kwa sababu kila jina lilikuwa hoja. Nani arithi, nani ana haki ya ngome ipi, nani amwoe nani. Nasaba ya watawala ni faili la kesi ambayo haijafungwa, na faili la kesi halitupwi.

Sasa Salme mwenyewe. Tarehe yake ya kuzaliwa inatajwa kuwa 30 Agosti 1844, kasri la Mtoni. Unguja ya wakati huo haikuwa na msajili wa vizazi, na hakuna aliyekuwa akisema "Agosti" ndani ya kasri lile. Tarehe hiyo imebadilishwa kutoka kalenda ya Kiislamu, na mtafiti asiyeona hilo atadhani ameshika cheti. Nikairudisha kwa hesabu. Inaangukia katikati ya Shaaban mwaka 1260, kwa kupishana siku moja au mbili kutegemea mwezi ulivyoandama. Nisfu Shaaban! Usiku ambao mama yeyote wa Kiislamu angeukumbuka bila daftari wala kalamu. Sisemi kwamba ndivyo ilivyohifadhiwa. Nasema ukikutana na tarehe ya Kizungu ya mtu aliyezaliwa pwani kabla ya usajili, igeuze kwanza uone imetua wapi. Ikitua kwenye sikukuu, ama familia iliikumbuka vizuri, ama iliisogeza ipendeze. Vyote viwili vinafaa kujua.

Maisha yake wengi mnayajua, kwa hiyo nitachukua yanayogusa rekodi tu. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana wa kasri walifundishwa kusoma na si kuandika. Ujuzi huo ulimponza: mwaka 1859 kaka yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa akitawala Unguja, aliyeandika barua za njama alikuwa Salme, msichana wa miaka 15. Baadaye akapendana na jirani yake wa Mji Mkongwe, mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Akashika mimba. Agosti 1866, wakati wa Siku ya Mwaka, wanawake walipoteremka pwani kuoga, alichukuliwa na manowari ya Kiingereza Highflyer mpaka Aden.

Hapo Aden ndipo pa kukaa kidogo.

Kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886 zinamchukua msomaji kutoka Unguja hadi Aden, zinamwonyesha akingoja mchumba, akibatizwa, akiolewa, akipanda meli kwenda Ulaya. Ukikisoma kitabu peke yake utachora mti wenye watoto watatu: Antonie, Rudolph na Rosalie, wote wa Hamburg. Ubatizo na ndoa vilifanyika siku moja, 30 Mei 1867. Lakini palikuwa na mtoto wa kwanza. Alizaliwa Aden mwezi Desemba 1866, wa kiume, akabatizwa Heinrich, akafariki mwaka uliofuata wakiwa safarini Ufaransa, kabla hawajafika Hamburg. Kitabuni hamna neno hata moja juu yake. Mama aliyeandika kurasa nzima kuhusu matandiko, pete na manukato ya dada zake akampita mwanawe wa kwanza kimyakimya. Sababu tunaielewa sote, na Wajerumani wa 1886 wangeielewa zaidi. Mtafiti wa nasaba anachotakiwa kujua ni kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu katika kila sentensi na bado akakuachia mti wenye tawi lililokatwa.

Tawi hilo unalipata wapi? Si Aden kwenyewe, kama wengi wanavyodhani. Aden ilikuwa chini ya serikali ya Bombay tangu Waingereza walipoiteka 1839, na ikabaki hivyo hadi 1932. Padri wa Kianglikana wa Aden alitakiwa kupeleka Bombay nakala za ubatizo, ndoa na mazishi, na Bombay ikapeleka London. Leo nakala hizo zimo British Library, kwenye rekodi za India Office, mfululizo wa N/3, na sehemu kubwa imeshapigwa picha ikawekwa mtandaoni. Nalisema hili kwa ajili ya yeyote ambaye babu yake alipita Aden, awe askari, baharia au mtumishi wa afisa: usipige simu Yemen, tafuta chini ya Bombay. Mwenye babu aliyebatizwa Aden na anayemtafuta kwenye "Arabia" atazeeka akitafuta.

Tazama pia fomu yenyewe ilivyochorwa. Daftari la ndoa la Kianglikana la wakati ule lina safu za tarehe, majina, umri, hali ya ndoa, kazi, makazi, na safu ya jina la baba. Baba wa bwana harusi, baba wa bibi harusi. Basi. Mama hana safu. Kwa hiyo Salme anaingia kwenye maandishi ya Ulaya siku ya harusi yake akiwa binti wa Said, na karani hata kama angetaka kumwandika mama yake, Jilfidan, suria wa Said, hakuwa na mahali pa kumweka isipokuwa pembeni ya ukurasa. Watu husema wanawake "walisahauliwa". Kusahauliwa kunahitaji mtu akumbuke kwanza. Hapa kazi ilifanywa na aliyepiga mistari ya daftari kabla wino haujachovywa.

Hamburg ni rahisi. Mji huo ulianza usajili wa kiraia Januari 1866, miaka kumi kabla ya Ujerumani nzima, hivyo watoto watatu waliozaliwa huko wanaangukia ndani ya madaftari ya serikali ya mji: Antonie Thawka Machi 1868, Rudolph Said Aprili 1869, Rosalie Ghuza Aprili 1870. Kila mmoja kapewa jina la pili la kwao mama. Baba yao naye anaangukia humohumo. Agosti 1870 alianguka akishuka tramu ya farasi, akafa, na Salme akabaki mjane wa miaka 25 na watoto watatu katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza kuisema. Baada ya hapo alihama mji hadi mji, kisha akaishi miaka mingi Beirut, akafia Jena tarehe 29 Februari 1924. Kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na wakwe zake.

Kizazi kilichofuata kinataka macho mawili. Rudolph aliongeza jina la babu yake kwenye jina la ukoo, akawa Said-Ruete, akahamia London, na mwaka 1929 akachapisha kitabu cha historia ya babu yake. Anayemtafuta chini ya herufi R tu atampoteza nusu ya maisha. Antonie aliolewa na Eugen Brandeis, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa visiwa vya Marshall, katikati ya Pasifiki, na binti zake wawili wakazaliwa huko Jaluit. Fikiria: vitukuu wa suria wa Mtoni wamezaliwa kwenye kisiwa cha matumbawe upande wa pili wa dunia, na rekodi zao ni za koloni la Kijerumani. Antonie mwenyewe aliuawa katika shambulio la mabomu Bad Oldesloe, Aprili 1945, vita ikiwa imebakiza wiki mbili. Rosalie aliolewa na afisa wa jeshi la Prussia, naye akapata mabinti wawili. Wekeni kumbukumbu ya hao mabinti wanne. Nitawarudia.

Sasa Jilfidan.

Tuna nini juu yake? Chanzo ni kimoja, kinywa chake mwenyewe, kilichosikilizwa na mtoto wake na kuandikwa kwa Kijerumani zaidi ya miaka 25 baada ya kufa kwake. Kasimulia hivi, kwa maneno yangu. Alikuwa Mcherkesi, wa milima ya Kaukazi upande wa Bahari Nyeusi. Baba yake alikuwa mkulima. Walikuwa watoto watatu: kaka mkubwa, yeye, na mdogo wao wa kike wa miaka mitatu. Vita vikaingia, magenge yakavamia nchi, familia ikajificha mahali chini ya ardhi. Wakagunduliwa. Wazazi wakauawa, watoto wakabebwa na wapanda farasi watatu. Farasi wa kaka akatoweka mapema. Wawili waliobaki walifuatana mpaka jioni, mdogo akimlilia mama njia nzima, kisha nao wakaachana njia. Hakupata habari zao tena mpaka kufa. Akafika mikononi mwa Seyyid Said angali mtoto, na Salme anakisia alikuwa na miaka saba au minane, kwa kuwa jino lake la kwanza liling'oka akiwa tayari nyumbani kwa Said.

Mtu anaweza kuyasoma hayo kama hadithi ya kusikitisha akafunga kitabu. Mimi niliyasoma kwa kalamu, na kuna vitu vinne vilivyonishika.

Kwanza, jino. Hiki ndicho cheti cha kuzaliwa cha Jilfidan. Hakuna kingine. Jino la kwanza la utoto hung'oka kwenye miaka sita hivi, wengine saba. Salme kasema saba au minane. Huenda mtoto alikuwa mdogo zaidi ya alivyokisia. Sasa tuhesabu. Tuseme alipomzaa Salme 1844 alikuwa na umri wowote kati ya miaka 16 na 26. Basi kazaliwa kati ya 1818 na 1828, na jino kang'oka kati ya 1824 na 1836. Seyyid Said kaikanyaga Unguja kwa mara ya kwanza 1828. Kwa hiyo hiyo "nyumba yetu" ya Salme, ambayo msomaji anaiona Mtoni chini ya minazi, inaweza kabisa kuwa Muscat. Kipindi hichohicho Warusi walikuwa wakiubana mwambao wa Wacherkesi: waliiteka ngome ya Anapa 1828, na mkataba wa Edirne wa 1829 ukawakabidhi pwani hiyo. Vita na wizi wa watoto vilikwenda sambamba, na mashua za watumwa zilivuka Bahari Nyeusi kuelekea Trabzon na Istanbul. Hatujapata kijiji. Tumepata muda wa miaka 12 na soko, kutoka kwenye jino moja.

Pili, hayo maficho. Salme anaeleza kwamba mama yake alisema "mahali chini ya ardhi", na yeye mwenyewe ndiye anayekisia kwamba alikusudia ghala la chini ya nyumba, kitu ambacho Unguja hakipo. Hapa nilitabasamu. Jilfidan alipoteza lugha ya kwao, au walau neno hilo, akabaki na picha. Mtu anayebuni hadithi huazima vitu vya mahali anapoishi. Angesema walijificha shambani, kisimani, mwituni. Huyu kashikilia kitu ambacho hana jina lake katika lugha anayoitumia. Kwenye masimulizi ya wazee, kitu kisicho na jina ndicho ninachokiamini kwanza.

Tatu, wapanda farasi. Salme anawaita Waarnauti, neno ambalo Waturuki waliwaita Waalbania. Unaweza kulichukua hili ukakimbia nalo, ukatafuta kikosi gani cha Waalbania kilipita mwambao ule mwaka gani. Nimejizuia. Mtoto wa miaka sita hajui kabila la mtu aliyemtupa juu ya farasi. Neno hilo huenda alilipata baadaye, kutoka kwa watu wazima wa kasri waliokuwa wakisimuliana, likabandikwa juu ya sura asizozijua. Nimeliweka kwenye faili, sijaliweka kwenye mti.

Nne, jina. Sikia vizuri: Jilfidan. Kwa Kituruki *gül* ni waridi na *fidan* ni mche. Gülfidan, mche wa waridi, na ulimi wa Kiarabu hugeuza ile g ikawa j. Hilo si jina la binti wa mkulima wa Kaukazi. Ni aina ya majina ya maua na lulu waliyopewa wasichana walionunuliwa, jina la kumpendeza mnunuzi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa katika kisa chote. Mtafiti huanza na jina, kwa kuwa jina ndilo mlango. Hapa mlango umechorwa ukutani. Jina linatueleza njia aliyopitia na halituelezi nyumba aliyotoka. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye chumba kile cha chini.

Ndio maana naona haya ninapokuta miti ya intaneti iliyompa Jilfidan baba mtukufu wa Kicherkesi, tena na mwaka kamili wa kuzaliwa. Mwanawe kaandika mkulima. Kama Salme, aliyejua thamani ya ukoo mkubwa mbele ya wasomaji wake wa Ulaya, hakumpandisha babu yake cheo, sisi tunampandisha kwa idhini ya nani?

Kuna mtego mwingine unaowahusu wengi kuliko huu. Katika hati nyingi za Kiislamu, mwanamke aliyekuja utumwani na ambaye baba yake hajulikani aliandikwa "binti Abdallah". Mtumwa wa Mungu. Yaani kila mtu. Nimeona familia zikimtafuta huyo Abdallah miaka na miaka, zikimpa kabila na zikimpa kaburi. Ukikuta binti Abdallah kwenye hati ya mwanamke wa zamani, na hakuna babu anayetajwa baada ya Abdallah, simama hapo ujiulize kwanza kama si jina la kujazia safu.

Na rekodi za kuwaacha watumwa huru? Watu wanazitegemea sana. Zinafaa, lakini zina tundu palepale tunapopahitaji. Amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa mbele ya sheria Unguja na Pemba iliwaweka masuria kando, wakahesabiwa kama wake, na hawakupata haki ya kuondoka kama wengine mpaka amri ya 1909. Kwa hiyo bibi aliyekuwa suria anaweza asiwe kwenye orodha ya walioachwa huru, wala kwenye daftari la ndoa, kwa kuwa hakuolewa kwa mahari. Kisheria alikuwa na hadhi yake: akimzalia bwana wake mtoto hauzwi tena, mtoto ni huru na anarithi sawa na watoto wa ndoa, na bwana akifa naye huwa huru. Wote waliokuwa hai kati ya watoto wa Seyyid Said alipofariki, 36 kwa hesabu ya Salme, nusu wanaume nusu wanawake, walikuwa wa masuria. Sheria iliwapa watoto ukoo mzima wa baba. Huo ni ukarimu, na hapohapo ndipo wa mama ulipofunikwa, maana mtoto hakuuhitaji tena mahali popote.

Makaratasi ambayo bado nayawekea matumaini ni ya mirathi. Jilfidan alikufa kwa kipindupindu 1859, akimwachia Salme mashamba. Mwanamke mwenye mashamba huacha mipaka: shamba la nani upande wa kaskazini, nani shahidi, nani kanunua. Salme aliyauza mali yake kabla ya kuondoka 1866, na aliporudi 1885 na watoto wake, akiwa amebebwa na meli ya Kijerumani, alikuja kudai urithi wa ndugu waliokufa nyuma yake. Barghash hakukubali kumwona. Kwake dada huyo alikuwa ametoka katika Uislamu na urithi umekatika. Kwa familia ilikuwa aibu na uchungu. Kwa mtu kama mimi, kila dai la urithi ni neema, kwa sababu mdai lazima ataje nani kafa na yeye ni nani kwake. Barua za konsuli zinazohusu mambo kama hayo zimegawanyika kati ya Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, na Kew huko Uingereza. Humo Salme anatafutwa kwa kila namna: Salme, Salma, Bibi Salme, Madame Ruete. Jilfidan hatajwi na mtu, maana hakuna aliyedai chochote kupitia kwake.

Nawarudia wale mabinti wanne. Kuna kitu kimoja mwilini ambacho hupita kwa mama tu: sehemu ya vinasaba inayokaa nje ya kiini cha seli. Mama huwapa watoto wote, lakini ni mabinti tu wanaoirithisha. Jilfidan alimpa Salme. Salme aliwapa Antonie, Rudolph na Rosalie. Kwa Rudolph ikakomea. Kwa Antonie na Rosalie ikaendelea, hadi wale wanne, wawili wa Jaluit na wawili wa Ujerumani. Jina la Said lilikwenda na mtoto wa kiume mpaka London, na bibi wa Kaukazi alikwenda na mabinti ambao hawakubeba jina la mtu yeyote wa Unguja. Kipimo hakingetupa kijiji. Kingetuonyesha eneo pana tu, na pengine kingethibitisha tunayoyajua. Wala sitawatafuta walio hai kuwaomba mate ya mdomoni kwa ajili ya udadisi wangu. Lakini nilipochora mistari hiyo kwa wino mwekundu kwenye chati, nikaona kwa mara ya kwanza umbo ambalo orodha ya bin na bin haiwezi kulionyesha.

Juu ya Jilfidan kuna visanduku viwili. Kwenye cha baba nimeandika kwa penseli: mkulima, ameuawa, kati ya 1824 na 1836. Kwenye cha mama: ameuawa siku hiyohiyo. Pembeni, kaka mmoja na mdogo wa kike wa miaka mitatu. Jina la Jilfidan lenyewe nimelizungushia alama za mtajo.

Nilipomaliza nilirudi kwa shangazi. Sikumuuliza tena yule bibi wa bara alikuwa kabila gani. Nilimuuliza kama kuna kitu chochote alichowahi kusikia kuhusu utoto wake, hata kipuuzi. Akakuna kichwa, akaendelea kuchambua mchele, nikadhani hajanisikia.

"Alikuwa hali samaki," akasema mwishowe. "Pwani yote hii, na yeye hali samaki. Akisema yule ni nyoka wa majini. Mama alikuwa akimcheka."

Nimeandika, kwa penseli.